Mnaotaka kufanya risechi ya betri za lithiamu-salfa, anzeni na kaboni

Hapa Dodoma hakupiti muda mrefu bila mwanafunzi kunitafuta, "kaka nataka nitengeneze elektrodi ya lithiamu-salfa kwa kaboni ya maganda ya karanga", namwambia poa, maganda tunayo ya kumwaga, ila hiyo kaboni unataka ikufanyie nini? Wengi wanajibu ipitishe umeme. Sawa, elektrodi hiyo ndo upande wa betri unaobeba salfa, na salfa yenyewe haipitishi umeme, lakini hiyo ni nusu tu ya kazi. Betri ikitumika salfa inageuka polisalfaidi (michanganyiko ya lithiamu na salfa), zinayeyuka kwenye elektrolaiti, kile kimiminika cha ndani ya betri, na kukimbilia upande wa lithiamu, ndo maana chaji inapungua kila siku, halafu salfa ikifika kuwa Li2S (lithiamu salfaidi, mwisho wa kutoa chaji) imevimba kama 80% hivi. Kwa hiyo unahitaji vitundu vya kuibana salfa, na nafasi ya kuvimbia. Kundi la mkemia Linda Nazar kule Kanada lilionyesha hilo mwaka 2009 kwa kaboni ya maabara iitwayo CMK-3, vitundu vya nanomita 3 hadi 4 tu.

Sasa vitendo. Saga salfa na kaboni pamoja, funga vizuri kwenye chombo, oveni 155°C, wengi wanaacha saa 12. Joto hilo salfa inakuwa nyepesi inapenya yenyewe, usijidai kupandisha 180 eti iwahi, ikivuka 160 inaanza kuwa nzito kama uji wa uwele na haiingii popote. Na ile salfa ya kupulizia zabibu ya duka la pembejeo achana nayo kabisa, mara nyingi ina viambato vingine vya kuifanya ichanganyike na maji. Ukishapaka mchanganyiko wako kwenye foili ya alumini kausha taratibu, 60°C inatosha, ukizidisha kwenye vakyumu salfa inapaa halafu unapiga hesabu ya kitu ambacho hakipo.

Hesabu zenyewe sasa, hapa watu wanadanganyana sana. Mtu anaandika betri inatunza chaji ya mAh (miliampea-saa) 1200 kwa gramu, gramu ya nini? Kama salfa ni 60% ya elektrodi basi una 720 tu kwa gramu ya elektrodi. Elektrolaiti nayo wanaimwaga nyingi mno, maikrolita 20 kwa kila miligramu ya salfa, grafu inapendeza ila betri nzito. Andika vyote, na kama umeweka LiNO3 (nitreti ya lithiamu) kwenye elektrolaiti sema, maana inapunguza balaa la polisalfaidi na kaboni yako inapewa sifa isiyo yake.

Glavuboksi ya agoni, lile kasha la kuungia betri bila hewa wala unyevu, kama chuoni kwenu hamna, tafuta wa kushirikiana nae mapema, kabla hata ya kuchoma maganda.