Damu imesoma CA 19-9 "<2": je, niache kurudi kwenye MRI ya kongosho?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 58. Nilipigwa picha ya CT kwa ajili ya mawe ya figo, na humo kikaonekana kifuko cha majimaji chenye milimita 18 kwenye kongosho. Nilielezwa kwamba ni cha aina inayotoa ute na kwamba nirudi baada ya miezi 6 kwa picha ya MRI. Nilipimwa pia damu, na majibu ya CA 19-9, alama inayotumiwa kufuatilia saratani ya kongosho, yameandikwa "<2" ilhali kikomo ni 37. Ikiwa damu ni safi kiasi hiki, kuna haja gani ya kurudi kwenye ile mashine?

JIBU: Ndugu msomaji, haja ipo, na sababu yake imejificha katika hiyo hiyo "<2" iliyokufurahisha.

CA 19-9 ni aina ya sukari inayojengwa na mwili kwa kutumia kimeng'enya kilekile kinachohusika na makundi ya damu yaitwayo Lewis. Takriban watu 5 hadi 10 kati ya 100 wamezaliwa bila kimeng'enya hicho kinachofanya kazi, kwa hiyo hawawezi kuitengeneza CA 19-9 ipasavyo hata wakiwa na saratani iliyokwisha kusambaa. Majibu yaliyokaribia sifuri kama yako huenda yanatokana na hali hiyo. Shahidi ambaye hakuwapo kwenye tukio hawezi kusemwa kuwa amekutetea kwa kunyamaza. Mweleze daktari wako kuhusu jambo hili, ili huko mbele asije akakitegemea kipimo ambacho kwako huenda hakisemi lolote.

Hata kwa mtu ambaye mwili wake unaitengeneza, mabadiliko ya mwanzo hutokea kwenye chembe zinazofunika kuta za ndani za kifuko, na mara nyingi damu haionyeshi chochote mpaka ugonjwa umepiga hatua. Picha ndiyo inayoona mapema zaidi. Kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa Kyoto uliotolewa mwaka 2024, vifuko vya ute vya aina inayoungana na mirija ya kongosho hutiliwa shaka mrija mkuu unapofikia upana wa milimita 5, na milimita 10 ni dalili nzito zaidi. Huangaliwa pia kama kifuko kimefikia sentimita 3, kama kinakua kwa kasi, na kama kuna kinundu ukutani. Kupanda kwa CA 19-9 kumo katika orodha hiyo, lakini ni dalili moja tu kati ya nyingi. Humo pia umo ugonjwa wa kisukari ulioanza au kuzidi ghafla ndani ya mwaka uliopita, na ndiyo maana mimi hupenda kuona HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama 3, ambacho wengi hukisahau.

Msomaji mwingine ameandika kinyume chako: kifuko chake ni cha ukubwa uleule, CA 19-9 imesoma 52, na anataka kikatwe mara moja. Katika sentensi yake ya mwisho anataja, kama jambo la kupita, kwamba wiki 2 kabla ya kupimwa alitibiwa mawe ya nyongo yaliyoziba mrija. Ndugu yangu, hilo peke yake linatosha kuipandisha. Kuvimba kwa kongosho, magonjwa ya ini na kisukari kisichodhibitiwa huweza kufanya vivyo hivyo. Rudia kipimo nyongo ikishapita vizuri kwa wiki kadhaa, tena kwenye maabara ileile, kwa kuwa mashine hutofautiana. Kikibaki juu bila sababu nyingine, ndipo uchunguzi wa ultrasaundi kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni uharakishwe. Kuondoa mkia wa kongosho mara nyingi huondoka na bandama na huweza kumwachia mtu kisukari. Si upasuaji wa kufanywa kwa sababu ya namba moja.

Katika uchunguzi huo sindano huweza kuchota majimaji ya kifuko. Hapa watu huchanganya: CEA (protini inayopimwa kama alama ya uvimbe) inayozidi 192 kwenye majimaji, au sukari iliyo chini ya 50, huashiria kwamba kifuko ni cha ute, lakini haisemi kama kina saratani, na CEA ya damu ni habari nyingine kabisa. Vipande vya DNA na mikro-RNA (chembechembe ndogo za kijenetiki) katika damu bado vinafanyiwa utafiti, na sioni sababu ya mtu kuvilipia leo kwa matumaini ya kukwepa picha.

Kwako mwenye "<2": itunze tarehe yako ya MRI, na uende na diski ya ile CT ya kwanza ili wapimaji walinganishe. Usiingoje tarehe hiyo ukiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, uzito unashuka bila sababu, au una maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni.