Taa Kali ya Nyuma Haitoshi Bila Njia Nzuri: Ushauri kwa Anayekwenda Kazini kwa Baiskeli

Mwendesha baiskeli anayetoka nyumbani alfajiri na kurejea giza likiwa limeingia huyaona ya mbele yake tu. Yanayomjia kwa nyuma hutegemea macho ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, wengi wanaoniomba ushauri huanza kwa kuniuliza wanunue taa gani ya nyuma, nami huanza kwa kuwauliza wanapita wapi. Kwangu hayo ni mambo yasiyotenganishwa. Taa humpa dereva muda wa kukuona na kuamua la kufanya, ilhali njia ndiyo inayopanga ni madereva wangapi watauhitaji muda huo na watakujia kwa kasi gani.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme wewe unakwenda kilomita 20 kwa saa na gari lililo nyuma yako linakwenda kilomita 60 kwa saa. Pengo kati yenu hupungua kwa mita 11 hivi kila sekunde. Ikiwa taa yako ni hafifu na dereva anakutambua mkiwa mmebakiwa na mita 30, ana sekunde zisizofika tatu za kuelewa anachokiona, kushika breki au kukukwepa. Taa kali inayoonekana kwa mita 150 humpa zaidi ya sekunde 13. Sasa chukua taa ile ile hafifu uipeleke kwenye mtaa ambao magari yanakwenda kilomita 30 kwa saa: zile mita 30 zinampa dereva sekunde zinazokaribia 11. Kubadili mtaa kumefanya karibu kazi yote ya kubadili taa, na hata dereva akikosea, kishindo kitakuwa kidogo zaidi. Ukiwa na vyote viwili, basi umejipa nafasi kubwa ya kufika salama.

Kuhusu taa yenyewe, watu hutazama zaidi idadi ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, iliyoandikwa kwenye boksi. Idadi hiyo ina maana, lakini haikuelezi mwanga unaelekea wapi. Taa ya lumeni nyingi iliyoinama kuelekea lami humulika lami. Mimi hupendelea taa yenye kioo kinachotupa mwanga moja kwa moja nyuma na pia kuuvujisha pembeni, maana kwenye njia panda gari huweza kukujia kutoka ubavuni.

Swali la taa inayowaka mfululizo au inayomweka lina majibu tofauti kulingana na nchi. Ujerumani hairuhusu taa za kumweka kwenye baiskeli. Uingereza imeziruhusu tangu 2005, mradi zimweke kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Taa ya kumweka huvuta jicho upesi, lakini gizani humtatiza dereva kukadiria umbali uliobaki. Pale sheria inaporuhusu, mimi hufunga mbili: moja ya kuwaka mfululizo, na nyingine ndogo ya kumweka. Wala usizizime kunapokucha. Katika mji wa Odense nchini Denmark lilifanyika jaribio lililohusisha waendesha baiskeli 3,845, ambapo baadhi yao walifungiwa taa zinazowaka muda wote, usiku na mchana. Ajali za kuumia katika kundi hilo zilikuwa pungufu kwa asilimia 19 zikilinganishwa na za wenzao.

Kabla ya kuiamini taa yoyote, fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Usiku, mwombe mtu apande baiskeli yako akiwa amevaa koti lako na mkoba wako umefungwa mahali pake pa kila siku, kisha wewe rudi nyuma hatua mia moja na uchutame mpaka macho yako yafike kimo cha dereva wa gari dogo. Nilipofanya hivyo na taa iliyofungwa chini ya kiti, niliona pindo la koti likining'inia juu yake, na ule mwanga mwekundu ukitokeza na kupotea kila goti lilipopanda na kushuka. Tangu hapo taa yangu hukaa nyuma ya keria, mahali ambapo nguo haifiki. Huko huko nyuma uangalie viakisi mwanga vya pedali: gari likivimulika hupanda na kushuka, na dereva hutambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayesogea.

Ukali nao una mipaka. Kwenye njia ya baiskeli pekee, taa kali mno humpofusha mwenzako anayekufuata, hivyo ni uungwana kuipunguza. Kuchaji betri na kufuta tope kwenye kioo ni mambo ya dakika chache kila juma.

Njia ndiyo inayotaka kazi zaidi. Ramani ya simu hukupa njia fupi, lakini haikuonyeshi mashimo, wala mahali malori yanapokata kona. Mimi huipita njia mpya kwanza siku ya mapumziko, polepole, nikitazama lami na mifereji. Kisha huipita tena saa ile ile ya kwenda kazini, kwa kuwa mtaa uliotulia mchana huweza kuwa njia ya mkato ya magari asubuhi. Mimi huhesabu makutano zaidi kuliko kilomita. Magari yaliyoegeshwa hunifanya niache nafasi ya mita moja na zaidi, kwa sababu mlango unaofunguliwa ghafla haujali taa yako ya nyuma. Lori linalokaribia kukata kona silipiti ubavuni hata likiwa limesimama: nisipomwona dereva kwenye kioo chake, naye hanioni.

Jua pia ni la kuzingatiwa. Ukielekea mashariki asubuhi, dereva aliye nyuma yako anapigwa na jua machoni, na hakuna taa nyekundu inayoweza kushindana nalo. Kwa saa hiyo tafuta mtaa wenye kivuli au unaokwenda upande mwingine, au ondoka mapema zaidi. Kwa hiyo si lazima njia ya asubuhi iwe ndiyo ya jioni. Jioni huongezeka suala la usalama wa mtu mwenyewe: kichochoro kisicho na magari lakini kisicho na watu wala taa sikipendekezi kwa anayepita peke yake, na hapo mtaa wa makazi wenye watu nje ni bora hata kama unaongeza dakika kumi.

Mara nyingi itabaki sehemu moja mbaya isiyoepukika, kama daraja au mzunguko mkubwa. Kwenye mzunguko, shuka usukume baiskeli kwa njia ya waenda kwa miguu. Kwenye daraja jembamba lisilo na nafasi ya kupitwa, shika katikati ya mstari wako badala ya kubanwa ukingoni, ili dereva asubiri mpaka mmevuka, na taa zote mbili ziwe zimewashwa kwa nguvu yake yote kabla hujafika hapo.