Sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua haigandishi damu

Wapo wanaouliza kama asidi ya traneksamiki, dawa anayochomwa mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, husababisha damu kuganda miguuni au kwenye mapafu. Hapana, haisababishi. Haitengenezi bonge jipya. Inazuia lile ambalo mwili umeshalitengeneza kwenye jeraha lisiyeyuke mapema. Jambo hili lilipimwa kwenye utafiti ulioitwa WOMAN uliotoka kwenye jarida la The Lancet 2017: akina mama 20,060, nchi 21, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Waliochomwa dawa na waliochomwa sindano isiyo na dawa hawakutofautiana kwa matukio ya kuganda. Vifo vya kutokwa damu vilipungua kwa karibu theluthi, ila kwa waliochomwa ndani ya saa 3 tu tangu kujifungua. Wakichelewa zaidi ya hapo, faida haionekani. Ndiyo maana nesi hasubiri khanga ya pili ilowe, anaanza kusukuma gramu 1 kwenye mshipa, taratibu, kama dakika 10 hivi. Na haichukui nafasi ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa uzazi, zinakwenda pamoja. Mama aliyewahi kupata bonge la damu aseme mapema, tangu kliniki, asingoje leba.