Soma kichwa cha karatasi kabla ya kusaini: ushauri kwa vijiji vinavyotakiwa kupokea dampo

Ndugu zangu mnaoishi vijiji vya pembezoni mwa miji inayokua, nawaandikia kwa sababu wengi mmekuwa mkiniuliza swali lilelile. Halmashauri inatafuta eneo la dampo, jina la kijiji chenu limetajwa, mnataka kujua muanzie wapi. Anzieni kwenye makaratasi. Dampo hupitishwa kwenye muhtasari wa kikao muda mrefu kabla ya katapila kufika, na huo muhtasari ndio wa kulindwa.

Kwetu walikuja wageni na gari, mwenyekiti akaitisha kikao, tukaambiwa kuna mradi wa usafi wa mazingira utakaoleta ajira na barabara. Neno dampo halikutajwa mpaka mzee mmoja aliposimama akauliza, huo uchafu utakaosafishwa ni wa nani? Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio. Watu wakaandika jina, kitongoji, namba ya simu na saini, kwani bila hiyo karatasi hakuna posho ya nauli. Baadaye sana tulipofanikiwa kuiona ripoti ya tathmini, karatasi ile ilikuwa imebandikwa kurasa za mwisho kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa na wakaupokea mradi. Saini hazikughushiwa. Kilichobadilishwa ni maana yake.

Kwa hiyo karatasi ikikufikia mkononi, soma kichwa chake. Kama juu ni patupu, andikeni wenyewe kwa kalamu: "Mahudhurio tu, si ridhaa ya mradi." Ipigeni picha kwa simu kabla haijaondoka. Daini muhtasari usomwe watu wakiwa bado wamekaa, na maoni ya wanaopinga yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na jina la msemaji. Mtendaji akisema ataandika akifika ofisini, msiondoke. Na kikao kikiitishwa siku ya gulio au saa akina mama wako bondeni, ombeni kwa maandishi kihamishwe. Wanaoteka maji ndio wenye mengi ya kusema kuhusu dampo, na kwetu waliposhiriki ndipo mazungumzo yalipobadilika.

Kuhusu sheria, nitasema machache ambayo yalitusaidia hapa Tanzania. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani kutoka mikononi mwa kijiji, mwenye kukubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji. Halmashauri ya kijiji peke yake haiwezi kuitoa, wala mwenyekiti. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Sheria hiyo hiyo inataka fidia iafikiwe kwanza: kiasi, namna na wakati wa kulipwa. Kisha ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Dampo ni mradi ambao lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi watakaoguswa lazima wasikilizwe. Maoni yenu msiyaache peke yake kwa mtaalamu elekezi, yaani anayeandaa ripoti ya tathmini, kwani analipwa na mwenye mradi. Andikeni barua moja kwa moja NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ofisi ya kanda yenu, na nakala mnayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni rahisi sana kupotea.

Sasa maji. Hapa ndipo nawaomba mweke nguvu zenu zote.

Watu wengi huanza na harufu na inzi. Ni kero za kweli, lakini mtaalamu atawajibu kwa sentensi moja: taka zitafukiwa kwa udongo kila siku. Hoja ya maji haijibiki kirahisi hivyo. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni mabaki ya vyakula, maganda na majani. Vikioza na mvua ikapita juu yake, vinatoa maji meusi makali yanayoshuka ardhini. Dampo la kisasa huzuia hilo kwa kutandika sakafu ya udongo wa mfinyanzi na plastiki nene, mabomba ya kuyakusanya maji hayo na bwawa la kuyasafisha. Hivyo vikikosekana, au plastiki ikichanika na hakuna wa kukagua, anayekunywa ni wa bondeni.

Ripoti ya kwetu ilisema maji ya ardhini yako mbali. Wapimaji walikuja kiangazi. Sisi tulipima visima wakati wa masika, kwa kamba na jiwe, mashahidi wakiwa wamesimama pale, na visima vya chini ya mteremko vilikuwa vimejaa karibu na mdomo. Vijana walipiga picha za eneo lenyewe, maji yakiwa yametuama katikati ya mahali palipochorwa shimo la taka. Tuliyaweka hayo kwenye barua: tarehe, kitongoji, kina cha kila kisima. Pimeni pia umbali wa kijito kwa kamba ya kupimia, kwa kuwa sheria ya mazingira inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Kisha pelekeni sampuli kwenye maabara ya Wizara ya Maji mkapewe majibu yaliyosainiwa. Gharama ipo, changeni. Hata dampo likija kujengwa, mtakuwa na karatasi inayoonyesha maji yenu yalikuwaje kabla, na pasipo hiyo mtu anayeumwa tumbo miaka mitano baadaye hana la kuonyesha popote.

Mtaambiwa mahakama ipo, subirini mkiumia mshitaki. Someni yaliyowapata wakazi wa Tabata, Dar es Salaam. Walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kupinga dampo la jiji lililokuwa kwao, katika kesi ya Joseph D. Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, na wakashinda. Bado jiji likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, mpaka Jaji Lugakingira akakataa na kusema kwamba kuwachafulia watu hewa ni kugusa haki yao ya kuishi, iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Hukumu hiyo naiheshimu sana. Lakini watu walivuta moshi miaka yote hiyo wakiwa washindi, na taka zenyewe zikahamia Vingunguti, ambako kilio kilikuwa kilekile. Siku hizi kuishitaki halmashauri kunahitaji kwanza notisi ya siku 90. Ni afadhali kupambana kabla shimo halijachimbwa.

Msikubali jambo hili liwe la chama. Kwetu kuna waliotaka kulibeba jukwaani, tukawaomba wakae kama wanakijiji wengine, wakakubali. Na msifunge barabara wala kurushia gari la wataalamu mawe. Siku vijana watakapokamatwa, mjadala utakuwa juu ya vijana, na visima vitasahaulika.

Mtaulizwa: basi taka ziende wapi? Msilikwepe swali hili, kwa sababu ni la haki. Mji unazalisha taka kila siku na sisi wenyewe tunauza nyanya zetu huko. Sisi tulijibu kwa maandishi kwamba taka zinazooza zitenganishwe sokoni na zigeuzwe mboji, ili zinazobaki ziwe chache na eneo litafutwe penye udongo mzito na maji ya mbali. Tukauliza pia nani atanunua dizeli ya katapila mwaka wa kumi, wafadhili wakishaondoka. Tarehe 10 Agosti 2024, jalala la Kiteezi, Kampala, liliporomoka baada ya mvua na kuua zaidi ya watu 30. Eneo zuri kwenye ramani hugeuka rundo la hatari usimamizi ukilegea.

Eneo la kwetu liliondolewa kwenye orodha. Kijiji kingine kikatajwa, nasi tukaenda kuwaona, tukawapa faili letu lote, kwa kuwa hatukupigania dampo liwaangukie wao. Wao wana udongo tofauti na huenda wakakubali kwa masharti: visima vya kupima maji kuzunguka eneo, uzio, majibu ya maabara yabandikwe ofisi ya kijiji, na yote hayo yaandikwe ndani ya cheti cha mazingira kinachoruhusu mradi, badala ya kuahidiwa mdomoni. Barua zetu na fomu tuliyotengeneza ya kupimia visima ninazo. Anayezihitaji aniandikie, nitaondoa majina ya watu nimtumie.