Mnyarwanda alinilipa pesa ya dagaa kabla ya vita: je, mali yake ni halali kwangu?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullah, Sheikh wetu. Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Marehemu baba alitoka Fizi, Kongo, na dada yangu wa tumbo moja ameolewa Uvira. Mteja wangu wa siku nyingi, Mnyarwanda, naye si Muislamu, alinilipa pesa yote ya magunia 12 ya dagaa, tukakubaliana nitampa mzigo giza linalofuata, yaani siku zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa. Vita vikaingia Uvira na yeye hakuja tena. Kaka zangu wananiambia nisirudishe hata senti, kwa kuwa nchi yake inaua ndugu zetu na mali ya adui ni halali. Nifanye nini? Pia naomba kujua kama inafaa kuwaombea Wanyarwanda wote maangamizi. Tena sina usingizi kwa khofu, kila sauti inayotumwa WhatsApp inanitetemesha. Je, imani yangu imepungua?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana, dada yangu. Allah amhifadhi dada yako na watu wake wote.

Mali hiyo si yako. Ni deni shingoni mwako, na uhasama wa Kinshasa na Kigali hauondoi hata gunia moja.

Mlichofanya wewe na mteja wako kinaitwa katika fiqhi biashara ya salam: mnunuzi anatanguliza pesa, muuzaji anabaki na dhima ya mzigo. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya mavuno. Akawaambia anayefanya hivyo aifanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Hapo nyote wawili mlilegea kidogo. Gunia la dagaa halina uzito mmoja, na giza la mwezi linaweza kusogea mawimbi yakichafuka. Siku nyingine andikeni kilo na tarehe. Lakini kulegea huko hakukupi wewe ruhusa ya kula pesa yake.

Sasa hoja ya kaka zako, maana nimeisikia kwa wengi tangu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata. Machungu yao nayaelewa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia M23. Rwanda inakanusha, inasema inajilinda na FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa nchi hizo mbili walikutana Washington kuthibitisha mapatano, na haikupita wiki mapigano yakafika Uvira kwa dada yako, watu maelfu wakakimbilia Burundi. Mwenye ndugu huko hawezi kuambiwa anyamaze.

Ila kaka zako wamechukua hukumu ya uwanja wa vita wakaileta kwenye meza yako ya biashara. Mtu huyu aliingia Tanzania kwa amani, akakaa mbele yako, akahesabu pesa, ukaipokea. Tanzania haina vita na Rwanda. Na hata ingekuwa nayo, Imamu Shafi alishasema kuwa Muislamu akiingia kwa amani katika nchi ya watu wanaopigana na Waislamu, si halali kwake kuchukua chochote cha mali yao kwa khiyana. Hao ni maadui wa kweli wenye silaha, sembuse mchuuzi aliyekuja kununua dagaa!

Waambie kaka zako kisa cha Hudhaifa bin al-Yaman, kimo katika Sahihi Muslim. Yeye na baba yake walikamatwa njiani na Maquraishi kabla ya Badr. Wakaulizwa kama wanakwenda kumsaidia Muhammad, wakasema wanakwenda Madina tu. Wakaapishwa kwa Allah kwamba hawatapigana upande wake, wakaachiwa. Wakaja kwa Mtume wakamweleza. Fikiria hali yenyewe: Waislamu walikuwa mia tatu na kitu, Maquraishi wakaribia elfu moja, na kila mwanamume alihitajika. Mtume (s.a.w.) akawaambia waondoke, ahadi waliyowapa makafiri itatimizwa, na msaada dhidi yao utaombwa kwa Allah. Hiyo ni ahadi iliyotolewa kwa kulazimishwa, kwa watu waliokuwa njiani kuja kumuua. Yako uliitoa kwa ridhaa, na faida ukaitia hesabuni.

Na usiku wa Hijra, wakati nyumba yake imezungukwa, Mtume alimwacha Ali nyuma Makka awarudishie watu amana zao. Wenye amana walikuwa watu wa mji ule ule uliokuwa ukimfukuza.

Nakuja kwenye dua. Kumwombea mabaya dhalimu inafaa. Mtume (s.a.w.) alisoma qunuti, dua ya ndani ya sala, mwezi mzima dhidi ya Ri'l, Dhakwan na Usayya walipowaua wasomaji wa Qur'ani kule Bi'r Ma'una. Lakini tazama aliowataja: makabila yaliyofanya ile khiyana. Tufail alipokuja kumwomba awalaani watu wa kabila lake la Daws kwa ukaidi wao, yeye aliinua mikono akasema, ewe Mola waongoze Daws na uwalete. Kwa hiyo mshitakie Allah kila aliyemwaga damu na kila aliyetuma wa kuimwaga, awe Rwanda, awe Kongo, awe na bunduki, awe na tai shingoni. Kuomba waangamie Wanyarwanda wote, pamoja na mama zao wanaolima maharage na watoto wa shule, hapana. Allah anasema katika Suratul Maida, aya ya 8, chuki yenu kwa watu isiwapelekee kutofanya uadilifu. Aya hii inakugusa wewe kuliko mwingine yeyote, kwa sababu chuki yako ina sababu. Asiye na sababu ya kuchukia hana mtihani hapo.

Kuhusu khofu, imani yako haina dosari. Nabii Musa alipambazukiwa mjini akiwa na khofu, anaangaza huku na huku, Qur'ani imesema hivyo wazi katika Suratul Qasas. Watu wa Kigoma tumeona mengi ya kututia khofu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na mwaka 2015 meli ya MV Liemba ilikuwa ikienda na kurudi Kagunga, kijiji cha mpakani, kuwabeba wakimbizi wa Burundi. Anayeogopa hapa anaogopa kitu anachokijua.

Hizo sauti za WhatsApp ndizo nakukataza. Suratun Nisaa, aya ya 83, inawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza papo hapo, badala ya kulirejesha kwa wenye kujua. Sauti isiyo na jina la msemaji usiisikilize usiku, wala usiipeleke kwa mwenzako. Mpigie dada yako mwenyewe, au mtu wa Uvira unayemfahamu kwa sura.

Kuhusu deni, wiki hii liandike mbele ya mashahidi wawili: jina la mteja, kiasi alicholipa, mzigo mliokubaliana. Mwonyeshe mwanao mkubwa karatasi hiyo inapokaa. Endelea kumtafuta, na ukipata njia kupitia wafanyabiashara wenzake itumie. Akipatikana, uamuzi ni wake: anaweza kusubiri dagaa, au avunje biashara umrudishie pesa aliyotoa, bila kupunguza. Akitaka dagaa na bei imepanda, unampa kwa bei ya zamani. Ikithibiti amefariki, haki ni ya warithi wake.

Na khofu ikikuzidi usiku, sema kama alivyosema Mtume (s.a.w.) alipohofia watu, kwa mapokezi ya Abu Daud: Allahumma inna naj'aluka fi nuhurihim, wa na'udhu bika min shururihim. Maana yake, ewe Mola, tunakuweka Wewe mbele ya vifua vyao, na tunajikinga Kwako na shari zao.

Wallahu aalam.