Nesi, njoo!

Wahariri, swali lenu la wiki hii linasema: katika gemu za risasi za timu, unapenda kuwa mshambuliaji au msaidizi? Mimi ni msaidizi, mwaka wa nne sasa. Ila swali linalonikaa rohoni ni jingine: nani alikuchagulia nafasi hiyo? Mimi sikumbuki kuulizwa.

Nacheza PUBG Mobile, gemu la simu ambalo watu hushuka kisiwani kwa parashuti na timu ya mwisho kubaki hai ndiyo hushinda. Nacheza na kaka yangu na rafiki zake wawili, chumbani kwake Mabatini, hapa Mwanza. Siku ya kwanza, hata parashuti hazijafunguka, mmoja wao alishasema, "Sista, wewe utakuwa nesi wetu." Nikakubali. Wao wakabeba bunduki nzuri, mimi bandeji na mabomu ya moshi. Jina la Nesi limenifuata mpaka kwenye daladala za Igoma.

Na kazi yenyewe ni ngumu kuliko kulenga shabaha, nalisema hilo bila woga. Mwenzako akidondoshwa hafi palepale. Anatambaa huku uhai ukimwisha, na akidondoshwa tena unamwisha haraka zaidi. Kumwinua ni sekunde 10. Umeinama, huwezi kupiga risasi, huwezi kukimbia. Hesabu moja hadi kumi kwa sauti, ukijiwazia uko uwanda mtupu, ndipo utanielewa.

Kuna Jumamosi moja ya masika. Umeme ulikatika tangu jioni, mvua inapiga bati mpaka tunazungumza kwa kupiga kelele, simu yangu ina chaji asilimia 19. Kati ya watu 100 tulioshuka kisiwani tumebaki wanne: wawili wa timu nyingine nyuma ya jiwe, mimi, na kamanda wetu, mmoja wa wale rafiki wawili wa kaka. Kaka na mwenzake walishatolewa, wamekaa kwenye godoro wanachungulia skrini zetu. Kamanda akanyanyua kichwa, akadondoshwa. "Nesi, njoo! Nesi!" Alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa na bado anapiga kelele.

Bomu la kwanza la moshi likaangukia mbali. La pili likakaa sawasawa. Nikatambaa hadi kwake, nikaanza kumwinua, nikafika sekunde ya saba, risasi zikaanza kuingia ndani ya moshi. Ikabidi nimwache, na ukimwacha unaanza upya. Nikarusha la tatu, nikamimina risasi kuelekea kwenye jiwe bila kuona kitu ili wainamishe vichwa, nikarudi. Sekunde 10 kamili. Akainuka na uhai kidogo sana. Nikamwangushia kisanduku changu cha mwisho cha huduma ya kwanza, ambacho nacho kinataka sekunde 6, nikasimama mbele yake mpaka akamaliza. Akatoka kulia kwa moshi, akawaangusha wote wawili.

Chumba kizima kikalipuka. Wakamkumbatia kamanda, wakampiga mgongoni. Kisha yeye, bado anahema kwa furaha, akageuka: "Nesi, tuletee maji basi."

Nikaenda, nikaleta maji. Usiku huohuo akaweka picha ya matokeo kwenye WhatsApp, imekatwa, imebaki sehemu yake tu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema nimeacha, nabeba bunduki ya darubini kama wao. Lakini kuisimulia kumenirudishia kitu nilichokuwa nimekisahau. Kamanda wetu hanyamazi, hata akila anaongea. Katika zile sekunde 10 za mwisho alinyamaza kabisa. Wote walinyamaza, ikabaki mvua. Mchezo wote ulikuwa kwenye kidole changu gumba. Sijawahi kuipata hali ile nikiwa na bunduki, na sitaki kuiacha.

Tena si kila mahali msaidizi hahesabiwi. Team Fortress 2, gemu nyingine ya risasi ya timu, ya mwaka 2007, humpa daktari pointi kwa kuponya wenzake. Overwatch, nayo ya aina hiyohiyo, ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa na medali ya uponyaji kabisa. Kinachoniuma ni pale chumbani.

Kwa hiyo jibu langu ni msaidizi, na nitabaki hapo. Lakini binti anayepakua gemu hili wiki hii akiniuliza, nitamwambia asianzie nilipoanzia. Mwezi wa kwanza akatae mkoba wa dawa, ashike bunduki, akosee, adondoshwe, wenzake waje kumwinua. Baadaye akiutaka mkoba autwae mwenyewe. Isipokuwa kama kundi lake ni la aina nyingine: mpwa wangu na wenzake huko Igoma huulizana kila raundi, "Leo nani anabeba dawa?" Kwa kundi kama hilo aanze na chochote.

Jumamosi naenda Mabatini. Nitabeba mabomu ya moshi kama kawaida, na kamanda nitamwambia kabla hatujaruka kwamba raundi ya pili mkoba ni wake. Maji yako kwenye ndoo mlangoni, hatua tatu kutoka anapokaa.