Maswali na Majibu: Kikanisa cha Porziuncola

Kila inapokaribia tarehe 2 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria wa Malaika, wasomaji huuliza kuhusu kikanisa chenye jina hilo, kiitwacho pia Porziuncola, kilicho bondeni chini ya mji wa Assisi, Italia. Nayajibu yaliyonifikia safari hii.

Je, Porziuncola ilijengwa na Mtakatifu Fransisko?

Hapana, na nimekwisha kulijibu swali hili mara nyingi. Alikikuta kikanisa kimechakaa, mwanzoni mwa karne ya 13, kikiwa mali ya watawa Wabenedikto wa Mlima Subasio, akakitengeneza kwa mikono yake. Masimulizi kwamba kilijengwa katika karne ya 4 na wakaapweke kutoka Nchi Takatifu yalizuka baadaye sana. Makatekista wasiyafundishe kama historia.

Wafransisko walikinunua kwa bei gani?

Hawakukinunua. Fransisko, ambaye hakutaka ndugu zake wamiliki hata ukuta, alichagua kubaki mpangaji: kila mwaka ndugu waliwapelekea Wabenedikto kikapu cha samaki, nao Wabenedikto wakawarudishia mtungi wa mafuta. Inanisikitisha kwamba wahubiri wengi huuruka mkataba huu, ilhali ufukara wa Fransisko unaonekana humo waziwazi kuliko katika hotuba ndefu.

Mbona picha zinaonyesha kanisa kubwa lenye kuba?

Hilo ni basilika, lililoanza kujengwa mwaka 1569 ili kukihifadhi kikanisa, ambacho kina urefu wa mita 7 hivi na upana wa mita 4, nacho kimo ndani, chini ya kuba. Tetemeko la mwaka 1832 liliangusha sehemu kubwa ya basilika, kikanisa kikasalimika. Mchoro ulio mbele ya kikanisa ni wa mchoraji Mjerumani Overbeck, wa mwaka 1829. Anayetaka kuona alichokigusa Fransisko aingie ndani, ayatazame mawe matupu ya kuta.

Rehema ya Porziuncola ina hati?

Mapokeo yanasema kwamba rehema hii, yaani msamaha wa adhabu za dhambi zilizokwisha kuondolewa, Fransisko aliiomba kwa Papa Honorius III, huko Perugia, mwaka 1216. Hati ya Papa mwenyewe haipo, na Tomaso wa Celano na Mtakatifu Bonaventura, walioandika maisha ya Fransisko katika karne hiyohiyo, hawaitaji. Mwaka 1277 Benedikto wa Arezzo alitoa ushahidi rasmi wa yale aliyoyasikia kwa Ndugu Masseo, aliyefuatana na Fransisko kwa Papa. Naupa ushahidi huo uzito, lakini anayeusimulia aseme pia kwamba ulitolewa baada ya miaka 61.

Naongeza onyo ambalo sikuulizwa. Siku hizi rehema hii hupatikana katika kanisa la parokia, kwa kitubio, Komunyo, Baba Yetu na Nasadiki, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote. Kwa hiyo anayetangaza safari za hija kana kwamba tiketi ya ndege ndiyo rehema anawapotosha waamini.

Je, jina la Los Angeles limetoka huko?

Ndiyo, Wahispania waliufikia mto wa pale mwanzoni mwa Agosti 1769, wakauita kwa jina la sikukuu ya Bikira Maria wa Malaika; kwa Kihispania "los ángeles" ni malaika.

Fransisko alifia ndani ya kikanisa?

La. Alifia katika chumba cha wagonjwa, hatua chache kutoka hapo, jioni ya 3 Oktoba 1226, baada ya kuomba alazwe juu ya ardhi tupu. Alikuwa amewaagiza ndugu wasipaache kamwe mahali pale: wakifukuzwa upande mmoja, warudi kwa upande mwingine.